Kopo la beri la 4,800 na sukari ya mama mkwe: dawa au maneno?

#1 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Wadau hamjambo. Nina jambo la mama mkwe, naomba msinicheke mapema.

Mama ana miaka 63, anaishi hapa Manyatta, ana sukari tangu 2016 na anameza metformini asubuhi na jioni. Miezi miwili hivi iliyopita mpwa wake alimletea kopo la kapsuli za beri. Kopo la bluu, kapsuli 60, shilingi 4,800, anameza mbili kwa siku. Lebo inasema beri 12 za mabara manne, antioksidanti kuliko tunda lolote. Mpwa akaongezea ya mdomo: zinasafisha damu, zinaosha kongosho, zinarudisha macho. Sukari yake ya asubuhi kabla ya chai ilikuwa inacheza 11 na 12. Wiki ya sita imesoma 7.9. Nimeiona kwa macho yangu.

Sasa kopo la pili linaisha, anataka la tatu, na anayelipa ni mimi. Halafu juzi nimemsikia akimwambia jirani eti metformini haoni tena kazi yake. Mimi ni mkwe, mnajua mambo yetu ya huku, siwezi kuketi mbele ya maro, yaani mama mkwe, nikamwambia amedanganywa. Na kwanza sijui kama amedanganywa. 7.9 ni 7.9.

Hizi antioksidanti za beri zinafanya kazi au la?

#2 KijanaWaKondele

4,800? Hiyo ni nusu mbuzi omera.

#3 Bahati_M (Nakuru)

Mkwe, mnunulie mama. Mimi natumia za aina hiyo mwezi wa nane sasa na magoti yamenyamaza. Watu wanabisha kwa sababu hawajaelezwa. Chuma ukikiacha nje kinashika kutu, si ndiyo? Mwili nao unashika kutu kwa ndani. Kuna uchafu kwenye damu unaitwa radikali huru, ndio unaozeesha na kuleta sukari, presha, saratani. Antioksidanti inauokota ule uchafu. Angalia kwenye lebo utaona namba ya ORAC. Yangu ni 40,000. Chungwa haligusi hata 3,000.

#4 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Bahati, mfano wa kutu si mbaya, huwa nautumia darasani. Lakini radikali huru si uchafu. Ni molekuli iliyobaki na elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo inanyang'anya ya jirani. Mwili unazitengeneza wenyewe kila ukivuta pumzi, na chembe nyeupe za damu zinazitumia kuua bakteria. Ukiziokota zote umeokota na askari wako.

Wazo kwamba ndizo zinazotuzeesha ni la Denham Harman, 1956. Ni wazo zuri, na watu wamelifanyia biashara kuliko yeye mwenyewe alivyolifanyia utafiti.

Kuhusu ORAC: hicho ni kipimo cha ndani ya bomba la kioo. Unaweka juisi, unaweka kemikali, unaangalia juisi inazuia uharibifu kwa muda gani. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya namba hizo kwa mamia ya vyakula, ikaiondoa 2012. Sababu waliyotoa ni kwamba namba zinatumiwa vibaya na wauzaji, na hakuna ushahidi kwamba kinachotokea kwenye bomba ndicho kinachotokea mwilini.

#5 KijanaWaKondele

Hiyo orodha nimeitafuta, bado watu wameihifadhi. Beri za bluu kama 4,700 kwa gramu 100. Karafuu iliyosagwa karibu 290,000!! Kwa hesabu hiyo mpishi wa pilau pale Kibuye hafai kufa.

#6 Mama_Pili58 (Nakuru)

😂😂 Na sisi tuliokula pilau za harusi zote za Section 58 mbona magoti yanauma?

#7 Bahati_M (Nakuru)

Chekeni. Kopo ni langu mimi, magoti ni yangu mimi. Mwalimu, ya bomba nimekubali. Lakini wamepima hata damu za watu waliokula matunda, uwezo wa antioksidanti ukapanda ndani ya saa moja au mbili. Hiyo si bomba, hiyo ni damu.

#8 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Ni kweli unapanda, na umeuliza pazuri. Walipochunguza kinachopandisha, sehemu kubwa haikuwa ile rangi ya tunda. Ilikuwa asidi ya yuriki. Sukari ya matunda ikifika kwenye ini inazalisha asidi ya yuriki, na hiyo asidi yenyewe ni antioksidanti kali. Rangi yenyewe, yaani anthosiyanini, inaingia kwenye damu kidogo sana, nyingi inateremka hadi utumbo mpana.

#9 Mzee_wa_Njoro

Asidi ya yuriki si ndiyo ile ya gauti? Basi mimi na nyama choma zangu za Jumamosi nina antioksidanti kuwashinda nyote. Kidole gumba cha mguu kimejaa afya.

Salamu kwa wote. Mimi ni mkulima wa stroberi, robo eka, na ua wangu wote ni malberi, zile wazee wa pwani wanaita forosadi. Nina swali moja tu: kwenye hiyo kapsuli mnadhani kuna tunda kiasi gani? Chukua beri mbichi, karibu asilimia 84 ni maji. Kausha gramu 100, unabaki na unga wa gramu 16. Kapsuli ya miligramu 500 basi inabeba tunda bichi la gramu tatu. Hiyo ni beri mbili za bluu, tena ndogo. Kwa beri 12 tofauti, kila moja imetoa kipande kama ukucha wa mtoto. Anameza mbili kwa siku, kwa hiyo mama anakula beri nne kwa shilingi 160. Mimi kwa 160 nampa kikombe cha stroberi na chenji.

#10 FamasiaKaunta (Kisumu)

Mzee, hesabu yako ni sawa kama ni unga wa tunda zima. Ziko pia za kiziduo, ambako wamekamua rangi peke yake. Kile cha bilberi kinachotumika sana kinakuwa na anthosiyanini kama asilimia 36. Huko kidonge kimoja kinaweza kubeba kazi ya gramu kumi au zaidi za tunda. Lebo lazima iseme ni unga au ni kiziduo. Mkwe, inasemaje?

Na kabla ya hapo: METFORMINI ASIACHE. Sisemi hivyo kwa sababu nauza metformini, faida yake haifiki hata nauli ya boda. Ningependa pia kujua kama anameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Beri za goji na warfarini zimeshawahi kuwatoa watu damu.

#11 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Warfarini hapana, metformini na ya presha basi. Lebo nimepigiwa picha na mke wangu, maana kopo linakaa chumbani kwa mama na huko mimi sifiki. Imeandikwa "mchanganyiko maalum wa beri, mg 500". Halafu majina: asai, goji, krenberi, bilberi, malberi, aronia na mengine. Haisemi ni kiasi gani cha kila moja.

#12 FamasiaKaunta (Kisumu)

"Mchanganyiko maalum" ndilo pazia. Nyuma yake anaweza kuwa ameweka goji mia nne na hayo mengine kumi na moja akayaonyesha kopo kwa mbali.

#13 NyarDunga

Ati kayaonyesha kopo kwa mbali 😂

Mimi nauliza, mbona mnatafuta beri za Brazil na China na hapa tuna jamna? Zambarau kwa Kiswahili safi. Tulipokuwa wadogo ilikuwa ikifika msimu hatuulizani nani amepanda mti wa watu, unasema tu "toa ulimi". Ulimi wa zambarau, viboko. Shati la shule likidondokewa, hata sabuni ya kipande haitoi. Rangi ile si ndiyo hiyo anthosiyanini mnayouziwa? Na ochuoga, lile tunda la porini, je? Nyanya yangu alikuwa anasema ochuoga zinaongeza damu.

#14 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Ndiyo hiyo hiyo. Zambarau, malberi, ochuoga zikiiva zikawa nyeusi, managu yakiiva, zote ni jamii ya rangi hiyo. Matunda ya managu yakiwa mabichi ya kijani msiguse, yana sumu ya solanini.

#15 Mama_Pili58 (Nakuru)

Na mbegu za zambarau zikisagwa ni dawa ya sukari, hiyo inajulikana hata kwa Wahindi. Mama yangu mdogo alipona.

#16 FamasiaKaunta (Kisumu)

Dada, inajulikana kwa panya zaidi kuliko kwa watu. Brazil waliwapa wagonjwa wa sukari chai ya majani ya mzambarau, wengine wakapewa chai ya kuzuga, hapakuwa na tofauti. Mbegu ni kitu kingine na majani kitu kingine, nakubali. Lakini "alipona" kwa sukari ni neno zito. Alipimwa?

#17 Mama_Pili58 (Nakuru)

Alipimwa na mganga. Sawa, nanyamaza.

#18 Muuguzi_Bungoma

Niwasaidie kidogo maana mnazitupa beri zote kwenye shimo moja. Krenberi ina kazi iliyothibitishwa, ila si ya sukari na wala si ya antioksidanti. Ni ya kuzuia maambukizi ya mkojo yasirudi. Mapitio makubwa ya shirika la Cochrane ya 2023 yalikusanya tafiti 50, watu karibu 8,900, na kwa wanawake wanaopata mara kwa mara hatari ilishuka kama robo. Kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzwa, na kwa wajawazito, haikusaidia. Na ni kuzuia, siyo kutibu. Aliye na homa na mkojo unachoma aje kituo cha afya, asinunue juisi. Inavyoaminika ni kwamba krenberi inawazuia bakteria kujishikiza kwenye kuta za kibofu, wanateleza na kwenda na mkojo. Hapo hakuna habari ya kutu.

Orwa, nina maswali kama ya kliniki. Tangu mama aanze kopo amebadilisha nini kingine? Chakula? Kutembea? Dawa anameza vizuri zaidi?

#19 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Sista, hilo swali nimeliuliza nyumbani jana na mke wangu amecheka mpaka akaketi.

Mpwa alimpa karatasi ya masharti. Wakati wa kutumia beri hakuna soda, hakuna chapati, chai bila sukari, maji lita mbili, na ukisahau masharti dawa haifanyi kazi. Na mama alikuwa mtu wa soda ya chupa kila saa nane mchana tangu nimjue. Halafu kuna mikutano ya watumiaji, mara mbili kwa wiki huko mjini. Anaenda kwa mguu kutoka Manyatta na kurudi kwa mguu, eti pesa ya boda anawekea kopo.

#20 KijanaWaKondele

Kesi imekwisha. Soda imekufa, miguu imefufuka. Mpwa apewe shahada ya udaktari wa heshima.

#21 Bahati_M (Nakuru)

Haijakwisha. Hayo masharti daktari hakuwahi kumpa? Alimpa kwa miaka mingi na mama hakuyafuata. Kopo ndilo limemfanya ayafuate. Sasa niambieni kopo halijafanya kazi.

#22 Muuguzi_Bungoma

Bahati umenipata hapo, na inauma. Mimi kila Jumanne nawaambia wagonjwa habari ya soda, wanaitikia "ndiyo daktari", na chupa iko kwenye mkoba. Bure haina nguvu. 4,800 ina nguvu.

#23 FamasiaKaunta (Kisumu)

Mimi bado nina shaka nyingine, na hii si ya kuchekesha. Vitu vingi vinavyouzwa kama vya asili vimekutwa vimetiwa dawa halisi kimyakimya. Mamlaka ya dawa ya Marekani ina orodha ndefu ya hivyo: vya kupunguza unene vina sibutramini, ambayo iliondolewa sokoni kule 2010, na vya nguvu za kiume vina sildenafili. Singapore mwaka 2008 watu walilazwa sukari imeshuka vibaya, na wengine walikufa, kwa sababu vidonge vya nguvu za kiume walivyonunua vilikuwa na glibenklamidi. Hiyo ni dawa ya sukari. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia kapsuli ya "matunda" imeshusha sukari kutoka 12 hadi 7.9, moyo wangu hauendi kwenye antioksidanti. Unaenda huko.

Sisemi kopo la mama limetiwa. Ila akitoka jasho la ghafla, akitetemeka, akichanganyikiwa, mpeni kitu cha sukari mara moja na mumpeleke hospitali. Na muulize stika. Bidhaa ya nje iwe na stika ya ISM ya Shirika la Viwango. Hata ikiwepo, inasema bidhaa imefikia kiwango, haisemi inatibu sukari.

#24 Mzee_wa_Kibuye

Hizo za nguvu za kiume zinatafutwa na nani wakati mukombero uko kwa wingi Kakamega na ni shilingi ishirini?

#25 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Mzee wa Kibuye tumekuona. Rudi kwenye beri.

#26 Mzee_wa_Kibuye

Nimetoa mchango wangu wa kitaalamu.

#27 Mkimbiaji_Iten

Mimi nauliza upande wa mazoezi. Kocha mmoja alituletea poda ya beri na vitamini C tunywe baada ya mbio za asubuhi, misuli isiume. Mwingine akatukataza kabisa. Nani mkweli?

#28 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Kuna utafiti wa Ujerumani wa 2009. Vijana wa kiume walifanyishwa mazoezi wiki nne, nusu yao wakipewa vitamini C na E kwa kipimo kikubwa. Waliokuwa bila vitamini, insulini yao ilianza kufanya kazi vizuri zaidi, ambalo ndilo jema kubwa la mazoezi. Waliopewa vitamini, lile jema halikuonekana. Maelezo yao ni kwamba zile radikali za mazoezi ndizo zinazoupigia mwili kengele ujiimarishe, ukizizima mapema kengele hailii. Lakini zile zilikuwa vitamini, hazikuwa beri. Beri nne za mama Orwa haziwezi kuzima hata filimbi.

#29 FamasiaKaunta (Kisumu)

Na kwa wavutaji sigara kuna la zamani zaidi. Finland waliwapa wanaume wavutaji beta karotini wakitumaini kuzuia saratani ya mapafu. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani imeongezeka kwa asilimia 18. Wale walikuwa zaidi ya watu elfu 29, si kikundi cha watu kumi. Antioksidanti ikiwa ndani ya karoti ni kitu kimoja, ikitolewa ikashindiliwa kwenye kidonge inakuwa na tabia nyingine.

#30 Bahati_M (Nakuru)

Sasa mmehama. Tunazungumza beri mnaniletea karoti. Nileteeni utafiti wa beri kwa watu.

#31 Muuguzi_Bungoma

Haki yako. Upo mmoja wa 2023, uliofanyika Uingereza. Wazee 61 wenye miaka 65 hadi 80, wazima wa afya, wengine wakapewa unga wa beri za bluu za mwituni na wengine unga wa kuzuga wa rangi hiyo hiyo, kila siku kwa wiki 12. Waliokula beri, ile namba ya juu ya presha ilishuka kidogo, kama pointi tatu na nusu, mishipa ikalegea vizuri zaidi, na kumbukumbu ikawa afadhali. Na hawakusema ni kwa sababu ya kuokota radikali. Wanafikiri bakteria wa tumboni wanaivunja ile rangi kuwa vitu vingine, na hivyo vitu vingine ndivyo vinavyoambia mishipa ilegee.

#32 Bahati_M (Nakuru)

ASANTE sista. Mungu akubariki.

#33 Mzee_wa_Njoro

Walikula unga gramu ngapi kwa siku?

#34 Muuguzi_Bungoma

26.

#35 Mzee_wa_Njoro

Gramu 26 kwa kapsuli za miligramu 500 ni kapsuli 52. Kwa siku. Kopo la 60 halifiki kesho jioni. Bahati, kwa mwezi utahitaji makopo 26, yaani shilingi 124,800. Karibu Njoro, kwa pesa hiyo nakupa stroberi, na malberi, na punda wa kukubebea.

#36 Mama_Pili58 (Nakuru)

Punda 😂😂😂 Bahati jibu hoja.

#37 Bahati_M (Nakuru)

Ninasoma lebo yangu upya, nitarudi.

#38 Chai_Nandi

Nikiwasikiliza nashangaa mmesahau chai ya zambarau. Taasisi ya utafiti wa chai Kericho ilitoa aina ya TRFK 306 mwaka 2011, majani yake yana anthosiyanini ya kutosha mpaka shamba linaonekana limechubuka. Ukiichemsha inatoka zambarau hafifu, ukikamulia ndimu inageuka waridi. Wakulima tuliambiwa ni dhahabu. Sasa wengi tunapeleka kiwandani kwa bei ya majani ya kawaida kwa sababu viwanda vingi havina mstari wake. Antioksidanti iko shambani kwangu, soko ndilo sina.

#39 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Chai_Nandi umenikumbusha jambo. Hiyo ya ndimu ndiyo njia ya kuijua anthosiyanini bila maabara. Orwa, mwambie mke wako au yeyote wa nyumbani afungue kapsuli moja. Unga augawe kwenye visahani viwili vyeupe, atie maji kidogo. Kimoja akamulie ndimu, kingine atie maji ya magadi, ile ya kupikia mboga. Anthosiyanini kwenye ndimu inakuwa nyekundu inayong'aa. Kwenye magadi inageuka bluu, kisha kijani, ukiiacha inaishia njano chafu. Rangi ya kiwandani mara nyingi haijali, inabaki ilivyo.

Hii si hadithi tu. 2006 kuna watafiti walieleza kuhusu kiziduo cha bilberi sokoni kilichokutwa kimetiwa rangi ya kiwandani iitwayo amaranti. Mashine ya kawaida ya kupima wekundu ilidanganyika.

#40 NyarDunga

Amaranti si ndiyo terere? Mchicha?

#41 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Jina tu limefanana. Terere yako haina makosa.

#42 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Kapsuli imepatikana. Nilimtuma mke wangu, akamwomba mama, mama akauliza ya nini, akaambiwa ni ya mtoto kufanyia somo la sayansi. Mungu atusamehe. Jioni hii tumefanya, watoto wote wamezunguka meza.

Unga ni wa kahawia uliokaribia zambarau, kama kakao iliyokaa sana. Una harufu tamu ya pipi. Tumetia maji, ukawa kama uji wa wimbi. Cha kwanza ndimu: umekuwa mwekundu kidogo, lakini si wa kung'aa, kama maji ya maharagwe mekundu. Cha pili magadi: tumengoja bluu. Hakuna bluu. Umekuwa kahawia ya kijani, ukakaa hapo hapo. Kijana wangu wa darasa la sita akachukua jamna mbili za jirani akaziponda kwenye kisahani cha tatu, akatia magadi. Hapo ndipo tumeona kijani haswa, mpaka mdogo wake akapiga kelele.

Mwalimu, hiyo kapsuli imefaulu au imefeli?

#43 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Imepata alama kati ya D na C. Kahawia ya kijani inaonyesha anthosiyanini ipo lakini kidogo, au imekufa nusu. Rangi hiyo inachukia joto, mwanga na kukaa muda mrefu. Kopo likisafiri kwenye kontena hadi Mombasa na kuketi kwenye duka la mabati, inazidi kuoza.

#44 FamasiaKaunta (Kisumu)

Au imejaa goji. Goji rangi yake ni ya machungwa, jamii ya karotini, haigeuki kwa magadi. Na hata ingegeuka vizuri haimaanishi ni beri. Choya ingegeuka vilevile, na choya ni rahisi mara nyingi kuliko bilberi. Mtu mwerevu anaweza kukuuzia choya kwenye kopo la bluu na ukapasi jaribio la Mwalimu.

#45 Mwalimu_Kemia (Kakamega)

Kweli. Jaribio langu linakamata mjinga tu.

#46 Muuguzi_Bungoma

Orwa, nilisahau moja. Hicho kimashine cha sukari ni cha zamani au kipya? Stripi zikiisha muda au zikiachwa wazi kwenye joto la Kisumu husoma zinavyotaka.

#47 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Sista unanitisha. Kimashine cha zamani kilikufa mwezi wa kwanza. Hiki kipya alikileta mpwa. Kilikuja na kopo, kama zawadi.

#48 KijanaWaKondele

WUUUUI.

#49 Mzee_wa_Njoro

Mwizi amekuja na mizani yake.

#50 Bahati_M (Nakuru)

Jamani msimhukumu mtoto wa watu. Kampuni nyingi hutoa kimashine. Hata za dawa za hospitali hutoa. Lebo yangu nimesoma, nayo ni "mchanganyiko maalum". Nimempigia aliyeniuzia, amesema siri ya kampuni. Magoti bado hayaumi lakini, hilo mliandike.

#51 Muuguzi_Bungoma

Tumeandika. Orwa, mpelekeni kliniki apimwe kile cha miezi mitatu, kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu. Hicho hakijali soda ya jana wala kimashine cha zawadi.

#52 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Nimerudi baada ya siku kumi, samahani kwa kimya.

Mama amekwenda na mke wangu. Cha miezi mitatu kimesoma asilimia 8.3. Kile cha mwaka jana kwenye kadi ni asilimia 9.6. Daktari amefurahi. Alipoambiwa habari ya soda na kutembea amesema endelea hivyo hivyo. Alipoonyeshwa kopo ameligeuza, akasoma, akalirudisha, akasema metformini usiache na hilo sina la kusema juu yake. Kimashine cha zawadi walikilinganisha na cha kliniki kwa tone la kidole kimoja: chake 8.1, cha kliniki 8.8.

Sasa mama anasema kliniki imethibitisha beri. Mke wangu anasema ni soda. Mpwa ameniletea ujumbe kwamba mama akipata watumiaji wengine watatu kopo lake litakuwa nusu bei, na mama tayari ana wawili.

#53 FamasiaKaunta (Kisumu)

Tofauti ya 0.7 si ya kumsulubisha mtu, vimashine vya nyumbani huruhusiwa kupishana hivyo. Ila miezi mitatu inarudi nyuma hadi kabla ya kopo, kwa hiyo 8.3 ina soda ndani yake bado. Mpimeni tena baada ya miezi mitatu.

#54 Bahati_M (Nakuru)

9.6 kwenda 8.3. Mimi sisemi kitu.

#55 KijanaWaKondele

Umesema tayari. Na hao watumiaji wawili wa mama ni akina nani?

#56 Orwa_Manyatta (Kisumu)

Mmoja ni jirani. Wa pili ni mimi, nimegundua leo.

Mzee wa Njoro, zile malberi zako unaweza kunitumia kilo mbili kwa matatu ya asubuhi? Nataka kumpelekea mama kama zawadi ya mkwe, labda atapunguza kopo.

#57 Mzee_wa_Njoro

Naweza kuzituma, lakini malberi ikivuka Kericho imeshakuwa juisi. Nitaweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Mwambie kondakta asiiketie, na shati jeupe usivae.